Safari ya gari Dar mpaka Matema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila likizo ya Juni na ya Disemba ikikaribia watu wanauliza maswali yale yale kuhusu kuendesha gari binafsi kutoka Dar kwenda nyanda za juu kusini, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Njia yenyewe ni ile kubwa ya TANZAM, ya Tanzania kwenda Zambia: Dar, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, afu unakata kushoto pale Uyole unashuka Tukuyu mpaka Matema kwenye Ziwa Nyasa. Msimamo wangu nausema mapema: hii njia wengi wanaipita wamelala kwenye basi au mbio mbio kuwahi msiba, wakati ni kati ya njia tamu kabisa za kutalii nchi hii, ila inataka uipe muda.

## Kabla hujaondoka

Dar mpaka Mbeya ni kilomita ngapi, na naweza kufika siku moja?

Ni kama kilomita 830 hivi mpaka Mbeya mjini. Dar mpaka Moro kama 190, Iringa utakuwa umeshakata karibu 500, halafu Iringa mpaka Mbeya ni kama 330. Kutoka Mbeya kushuka Kyela ongeza kama 130.

Kufika siku moja inawezekana, madereva wanafanya kila siku, ukitoka saa 11 alfajiri unaingia Mbeya usiku. Lakini kama lengo ni likizo usifanye hivyo jamani. Utapita Mikumi jua limeshakuwa kali wanyama wamejificha vichakani, utapita Iringa huijui, utafika Mbeya mgongo unauma na hujaona kitu zaidi ya matako ya malori. Gawa njia, lala Mikumi au Moro, lala Iringa, ndio uende Mbeya.

Siku ngapi zinatosha?

Wiki moja kwenda na kurudi inatosha kuonja, siku 10 ndio unatulia. Mpangilio ambao huwa nawashauri watu: siku ya kwanza Dar mpaka Mikumi ulale pale pale, ya pili uingie hifadhini asubuhi na mapema afu mchana uende Iringa, ya tatu yote iache kwa Iringa, ya nne uende Mbeya au upitilize Tukuyu, ya tano Ngosi au Kiwira, ya sita Matema. Kurudi unaweza kulala Iringa tu mara moja. Ukiwa na siku tatu za wikiendi ndefu usilazimishe Mbeya, ishia Mikumi na Udzungwa, utafurahi zaidi.

Mwezi gani mzuri?

Inategemea unafuata nini. Kwa wanyama Mikumi na Ruaha ni Juni mpaka Oktoba, majani yamekauka, maji yamebaki sehemu chache na wanyama wanajikusanya hapo. Kwa maua ya hifadhi ya Kitulo ni kinyume kabisa, Disemba mpaka Aprili wakati wa mvua. Huku kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Disemba mpaka Aprili, na Tukuyu wao mvua inaweza kuendelea hata Mei watu wa Iringa wakiwa wameshaanza kuvuna.

Kitu ambacho watu wa Dar wanakisahau ni baridi. Juni, Julai na Agosti, Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya ni baridi kweli, sio ya kufungua dirisha, ni ya jaketi na soksi usiku. Watoto wabebee masweta. Afu ukishuka Kyela unavua yote maana kule ni joto kama Dar.

Nina IST, itafika?

Itafika bila shida. Njia kubwa yote ni lami, na Tukuyu mpaka Kyela ni lami pia, IST, Vitz, Spacio, zote zinakwenda. Panapohitaji gari ya juu ni zile chepuko: ndani ya Ruaha, kupanda Kitulo, na barabara ya Ngosi kipindi cha mvua. Huko kama huna gari inayoweza, acha yako mjini ukodi ya mwenyeji kwa siku moja, ni rahisi kuliko kuvunja sampo.

Kabla ya kutoka mpelekee fundi unayemwamini aangalie breki kwanza (sababu iko kwenye swali la Kitonga), kisha kulanti, feni, tairi nne pamoja na spea, taa na waipa. Beba jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto ambacho hakijaisha muda na dumu la maji. Pancha sio tatizo kubwa njiani, mafundi wapo karibu kila mji, ila wewe kwanza ufike kwao.

Gari yangu natumia gesi, vipi huko mbele?

Vituo vya gesi viko zaidi Dar na jirani yake, kwa hiyo jaza kabla hujatoka, afu panga safari yako kama gari ya petroli ya kawaida. Wengi waliofunga mfumo wa gesi tanki la petroli bado lipo, hakikisha tu linafanya kazi vizuri maana kuna watu wamekaa miezi wanatembelea gesi tupu, pampu ya petroli imeshalala. Jaribu kwa petroli wiki moja kabla. Na mtungi unakula nafasi ya mizigo, lihesabu hilo mapema.

Naogopa foleni ya kutokea Dar, hakuna njia nyingine?

Ipo. Tangu 2024 treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inakwenda Morogoro, na watu wameanza kupanda treni mpaka Moro halafu wanaanzia safari ya gari hapo, aidha wamekodi au kuna ndugu ametangulia na gari. Unaruka kipande chenye malori mengi kuliko vyote, Kibaha, Mlandizi, Chalinze.

Ukienda na gari toka nyumbani, dawa ni kuondoka kabla ya saa 11 alfajiri. Ukiwa umeipita Mlandizi kabla jua halijatoka, siku yako imenyooka. Au pita Bagamoyo utokee Msata afu Chalinze, ni mzunguko kidogo ila kunapumua.

## Ukiwa barabarani

Trafiki na tochi (vile vipima mwendo) wanasumbua sana?

Wapo wengi, hilo sikufichi, na kwa maoni yangu wanasaidia, maana bila wao hii barabara ingeua watu zaidi. Kanuni ni moja: ukiona kibao cha 50 shuka mpaka 50 kweli, usishuke 60, na usipande mpaka uone kibao cha kumaliza. Vijiji vya njia hii vimefuatana, kwa hiyo ni 50, unaachia, 50, unaachia, siku nzima. Ndio maana muda wa safari hauhesabiki kwa kugawanya kilomita kwa 100.

Ukikamatwa na kosa ni lako, unaandikiwa kwenye mashine na unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au benki. Usimpe mtu hela mkononi. Mizani za Vigwaza, Mikese, Mikumi na kuendelea ni za malori na mabasi, gari dogo unapita tu.

Kuendesha usiku je?

Usiendeshe. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanatembea usiku kucha, mengine yameharibika yamesimama barabarani yamewekewa majani tu kama alama, mabasi nayo tangu 2023 yameruhusiwa kutembea usiku, na Mikumi wanyama wanavuka gizani huwaoni mpaka wako mbele ya boneti. Kwenye likizo hakuna kinachokulazimisha. Ikifika saa 12 jioni tafuta gesti, lala, endelea kesho.

Kitonga inatisha kama wanavyosema?

Mlima Kitonga upo kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, unatoka kwenye bonde la joto unapanda ukingo mpaka nyanda za Iringa, barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali upande mwingine korongo, kona juu ya kona. Haitishi kama unaiheshimu. Wanaoumia pale wengi ni wa kuovateki kwenye kona kwa sababu wamechoka kufuata lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lifuate. Kilomita zenyewe ni chache.

Kupanda, zima AC kama gari inachemka, tumia gia ndogo usiilazimishe. Kushuka wakati wa kurudi ndio pa kuangalia zaidi: weka gia ndogo tangu juu, hata za otomatiki zina L au 2 au S, acha injini ishike gari, breki uigonge kwa vipindi. Ukikanyaga breki muda wote zinachemka na zikichemka hazishiki tena, ukisikia harufu ya kuungua tafuta sehemu pana usimame zipoe. Lori likiharibika katikati foleni inaweza kula masaa, kwa hiyo usiingie Kitonga bila maji ya kunywa na biskuti za watoto. Pita mchana, maana kwanza ni salama na pili ule mwonekano wa bonde chini na vilima vya Udzungwa, kama una mtu mwingine wa kushika usukani mpe ili na wewe uangalie.

Baada ya hapo milima mingine ya kuwa makini ni ya kuingilia Mbeya upande wa Inyala, na Iwambi kama unaendelea kwenda Mbalizi. Ushauri ni ule ule.

## Morogoro, Mikumi na Udzungwa

Morogoro nisimame au nipite?

Kama una nusu siku simama. Milima ya Uluguru iko juu ya mji kabisa, unapanda kwa mguu mpaka Morningside, kuna jengo la zamani la enzi za Wajerumani, njiani mashamba ya mboga ya Waluguru yamening'inia kwenye miteremko na maji yanatiririka kila kona. Chukua mwongozaji mwenyeji, sio kwa sababu utapotea tu, yeye ndiye anayejua ni shamba la nani unapita. Kama huna muda, kula, jaza mafuta, songa.

Lazima nilipe kupita Mikumi?

Barabara kuu inakata hifadhi kwa kama kilomita 50, na kupita tu hulipi. Ukikata kuingia getini ndio unalipa ya mtu na ya gari, Mtanzania na Mwana Afrika Mashariki bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, beba kitambulisho chako. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, usitegemee kulipa noti mkononi. Bei mpya angalia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla hujaondoka.

Watu wanasema kwanini nilipe wakati twiga nawaona bure barabarani. Kweli utawaona, na swala, nyani, pengine hata tembo. Lakini hairuhusiwi kushuka wala kusimama simama hovyo pale, na nyuma yako kuna lori la tani 30. Ukiingia ndani kwenye mbuga ya Mkata, saa 12 na nusu asubuhi, umezima injini, nyati na pundamilia wametapakaa mpaka macho yanaishia, ni kitu tofauti kabisa. Hifadhi ilianzishwa 1964 na ni kilomita za mraba zaidi ya 3,200, na kwa gari ya kawaida kiangazi unazunguka sehemu nzuri tu karibu na geti. Kwa mtu wa Dar hii ndio mbuga ya kuanzia.

Naweza kuwarushia nyani chakula?

Hapana, na naomba hili mlichukue kwa uzito. Nyani akizoea ndizi za kwenye madirisha anakuja kukaa barabarani, anagongwa, na simba na fisi wanafuata mizoga yao wanagongwa na wao. Maganda, chupa na mifuko navyo usitupe nje. Pia mwendo: fuata vibao vya ndani ya hifadhi hata kama mwenye basi nyuma anakupigia honi. Kuna bango limeorodhesha faini ya kila mnyama ukimgonga, ni hela ndefu ya dola, ila hata pasingekuwa na faini yule mnyama yuko kwake na sisi ndio tunapita.

Udzungwa iko mbali na njia?

Ukifika Mikumi mjini unakata kushoto kama unaenda Ifakara, unapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, mpaka Mang'ula, ni kama saa moja na zaidi kidogo. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ni ya 1992 na ndani hakuna barabara ya gari, ni kutembea tu.

Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170, yanashuka kwa hatua, na kule juu kuna sehemu unaona bonde lote la Kilombero limelala chini yako, kijani cha miwa mpaka upeo. Ni kupanda kwa masaa kadhaa kwa hiyo viatu vyenye meno na maji ya kutosha. Kwa watoto wadogo au wazee kuna maporomoko ya Prince Bernhard karibu na ofisi ya hifadhi, matembezi mafupi. Msitu huu una wanyama ambao hawapatikani popote pengine duniani, mbega wekundu wa Udzungwa, na yule kima wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua 1979 tu. Mimi nasema kama una siku moja ya ziada katika safari nzima, iweke hapa.

## Iringa na mbele yake

Iringa mjini kuna nini cha kuona? Mimi huwa naona ni mji wa kujazia mafuta.

Hapana, kinachoonekana barabarani ni Ipogolo tu, mji wenyewe uko juu kilimani. Panda. Kuna Boma la zamani la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho, limepangwa vizuri. Kuna jiwe la Gangilonga, jioni unapanda pale juu unaona mji wote na jua linazama. Kuna mgahawa na karakana za Neema Crafts ambako wanaokuhudumia na wanaotengeneza bidhaa ni watu wenye ulemavu, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara, vikapu na vitambaa vyao ni zawadi nzuri kuliko kununua vitu vya plastiki.

Na historia. Kabla hujaingia mjini, Lugalo pembeni ya barabara kuna mnara, hapo ndipo Agosti 1891 askari wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, walipokipiga kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski na Zelewski mwenyewe akafa. Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini kwa njia ya Ruaha, palikuwa ngome ya Mkwawa mpaka Wajerumani walipoibomoa 1894, na sasa kuna makumbusho yenye fuvu lake, ambalo lilipelekwa Ujerumani baada ya kifo chake 1898 na likarudi 1954. Mpeleke mtoto anayesoma historia pale. Darasani ni tarehe za kukariri, pale anaona fuvu ndani ya kioo na anaanza kuuliza maswali yake mwenyewe, na wewe ujiandae kujibu. Ukikutana na wazee Iringa yote wasalimie kamwene, utaona nyuso zinavyofunguka.

Isimila ni nini, na inachukua muda gani?

Ni korongo kama kilomita 20 kutoka Iringa ukiwa unaelekea Mbeya, kwa hiyo ipo njiani kabisa. Maji na upepo vimechonga udongo ukabaki nguzo ndefu zimesimama kama ghorofa, unatembea katikati yake. Pale pale walichimba miaka ya 1957 na 1958 wakapata zana za mawe nyingi za watu wa kale, zaidi ya miaka laki mbili iliyopita, shoka za mkono nyingine kubwa mpaka unajiuliza aliyezishika alikuwa na mkono gani. Kuna makumbusho ndogo. Masaa mawili yanatosha, nenda asubuhi au jioni maana mchana korongoni kuna joto.

Hifadhi ya Ruaha inafaa kuchomeka kwenye safari hii?

Inafaa kama una siku mbili za ziada na gari ya juu. Kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 100 na sehemu kubwa ni vumbi, kwenda asubuhi kurudi jioni ni kujitesa. Tembo wa Ruaha na ile mibuyu kandokando ya mto kiangazi, hakuna kitu Mikumi kinachokaribia. Malipo na kanuni ni kama nilivyosema kwenye Mikumi.

Kitulo ndio ile Bustani ya Mungu? Napandia wapi?

Ndio yenyewe. Ni hifadhi ya 2005, uwanda wa majani juu kabisa zaidi ya mita 2,500, Disemba mpaka Aprili unafunikwa na maua, orkidi za aina nyingi nyingi, na ndiyo hifadhi ya kwanza ukanda huu wa tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Sababu mojawapo ya kuilinda ilikuwa biashara ya viazi vya orkidi vilivyokuwa vinang'olewa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kinachoitwa chikanda, vilikuwa vinaondoka kwa magunia. Kwa hiyo ukiwa pale maua ni ya kuangalia na kupiga picha, usichume hata moja.

Njia maarufu ni Chimala, unapanda kona zinazoitwa Hamsini na Saba mpaka Matamba, na hizo kona ni 57 kweli, zimepandana ukutani mwa mlima. Ukiwa kona ya juu unaona tambarare yote ya Usangu na mashamba ya mpunga ya Mbarali. Sio ya IST, sio ya mvua kubwa, na sio ya dereva aliyejifunza mwezi uliopita. Njia nyingine inaingilia Isyonje upande wa Mbeya na Tukuyu. Beba nguo nzito hata mwezi wa kwanza, ukungu ukishuka kunakuwa na baridi hatari.

## Mbeya, Rungwe na Ziwa Nyasa

Nilale Mbeya au Tukuyu?

Mbeya ni jiji, hoteli nyingi, gereji nyingi, kila kitu kipo, kama gari inahitaji kuangaliwa lala Mbeya. Vinginevyo lala Tukuyu, maana vivutio vya Rungwe vyote vinakuwa jirani na unaamka unauona mlima Rungwe na migomba na mashamba ya chai.

Ziwa Ngosi linapandika na mtu wa kawaida?

Linapandika. Unakata barabara ya Tukuyu maeneo ya Isongole, unaacha gari, unapanda ndani ya msitu saa moja na nusu mpaka mbili kwa mtu asiye na mazoezi. Mwisho msitu unafunguka ghafla na ziwa liko chini yako, ndani ya shimo la volkano, maji ya kijani, kimya. Kushuka mpaka majini ni mteremko mkali na kunateleza, mimi nashauri watu waishie ukingoni, na hapo umeshaona uzuri wake wote. Mwongozaji ni lazima, na nenda asubuhi kwa sababu mchana mawingu yanaziba na unaweza ukapanda kote huko ukaangalia ukungu.

Daraja la Mungu na Kijungu ni sehemu moja?

Ni mbili ila zote ziko mto Kiwira na unazitembelea siku moja. Daraja la Mungu ni mwamba uliovuka mto wenyewe kwa wenyewe, umetokana na lava ya zamani. Kijungu ni pale mto unapozama ndani ya mwamba kama unamwagwa kwenye chungu afu unatokea mbele. Kijungu unapita eneo la Chuo cha Magereza, unajiandikisha, na usipige picha majengo wala watu wao. Mawe ya Kijungu yana utelezi, mtoto mshike mkono muda wote.

Kimondo cha Mbozi kinastahili mzunguko?

Kiko upande mwingine, barabara ya Tunduma, mkoa wa Songwe, saa moja na nusu hivi kutoka Mbeya. Ni jiwe la chuma lililodondoka kutoka angani, zaidi ya tani 10, urefu kama mita 3, ni kati ya vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani. Kama unaelekea Zambia au unatokea huko kipo njiani, simama. Kama unashuka Matema tu, na una watoto wanaopenda mambo ya anga, nenda, wakubwa wenyewe amueni.

Matema ikoje, na kuogelea ni salama?

Matema ni mchanga, maji masafi, na milima ya Livingstone imesimama ukutani nyuma ya ziwa. Unafika kwa kupitia Kikusya na Ipinda, upande wa Kyela. Jumamosi kuna mnada wa vyungu Lyulilo, vya Wakisi, wanawake wanavileta kwa mitumbwi na ndio vyungu unavyoviona vinauzwa mpaka Mbeya na Iringa. Nunua kimoja, kifunge na khanga, kiweke chini ya siti, na usipunguze bei mpaka mama wa watu akose faida ya jasho lake.

Kuogelea wenyeji wanaogelea, ila waulize ni wapi, kaa mbali na midomo ya mito ambako mamba wapo. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, ukirudi nyumbani pima. Na lala ndani ya chandarua, Kyela mbu hawana mchezo.

## Kula na pesa

Tutakula wapi na tununue nini?

Chalinze na Moro hapana shida ya chakula. Ruaha Mbuyuni ni vitunguu, Ilula nyanya, ila nunua wakati wa kurudi, usizunguke wiki nzima na gunia la vitunguu ndani ya gari yenye watoto. Rungwe ni ndizi, parachichi na viazi. Kyela ni mchele, kuleni hapo hapo na samaki wa ziwani, na mkibeba nunueni kwa mtu mnayemwona anakoboa, maana mchele mwingi unaoitwa wa Kyela mijini haujawahi kuiona Kyela.

Nibebe pesa taslimu?

Kiasi. Mawakala wa simu wapo kila mji, lakini getini ni malipo ya kielektroniki na ndani ya Mikumi, Udzungwa na Kitulo mtandao unakata kata, kwa hiyo lipia ukiwa mjini ikiwezekana. Weka laini mbili za kampuni tofauti na pakua ramani mapema.

## Maswali ya wachache

Natokea Kenya, lazima nipite Dar?

Hapana. Pita Namanga, Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, afu Mtera mpaka Iringa, ni lami, na Kolo pale Kondoa kuna michoro ya miambani ambayo iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Beba pasipoti, kadi ya gari yenye jina lako au barua ya mwenye gari, bima ya Yellow Card (ile ya kuvukia mipaka), na kibali cha muda cha gari unakichukua mpakani. Tarehe ya mwisho ya kibali iandike kwenye simu.

Natokea Lubumbashi, je?

Utaingilia Tunduma baada ya kukata Zambia, kwa hiyo soma ukurasa huu kutoka chini kwenda juu: Kimondo, Mbeya, Iringa, Mikumi. Foleni ya malori Tunduma ni ndefu, magari madogo yana njia yao, waulize maafisa usijipange nyuma ya makontena. Kitonga wewe utaanza kwa kuishuka, rudia lile swali kabla hujatoka Ilula.

Droni naruhusiwa kurusha?

Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi unahitaji na kibali cha hifadhi juu yake. Bila hivyo iache nyumbani, wataichukua.

Nikitaka kuendelea kutoka Matema mpaka Malawi?

Rudi Kyela, mpaka uko Kasumulu, mto Songwe ndio mpaka wenyewe, na ukivuka uko njia ya Karonga. Karatasi za gari ni zile zile za swali la Kenya ila sasa unazihitaji kwa upande wa pili, na kama gari ni ya kukodi ulizia mwenye gari kabla hujatoka Dar, wengi mkataba wao unaishia ndani ya nchi.